Mtu wa Labo na Udongo wa Hortense

Mke wangu Hortense akienda kuchimba udongo haongei na mtu yeyote, mimi nikiwemo. Kuanzia anapojitwika beseni asubuhi mpaka anapolitua uani kwetu, mdomo umefungwa. Ukimsalimu njiani utaitikiwa na kisogo. Wafinyanzi wote wa kijiji chetu hufanya hivyo, na mama zao walifanya hivyo. Wanasema udongo ukisikia maneno unayatunza, na siku ya kuchomwa unayatoa: umekaa kivulini wiki mbili umetulia, umekufanya uamini kwamba mambo ni mazuri, halafu ndani ya moto, paa! Chungu kimepasuka, na kilicho jirani nacho kimetobolewa.

Mimi ni Mkatoliki na nimefanya kazi mjini Likasi, kwa hiyo ningependa kuwaambia kwamba siyaamini hayo. Lakini mwaka ule Georgette alipokanyaga mwiba kule bondeni akapiga kelele "Mama yangu!", vyungu vyake saba kati ya tisa vilipasuka. Nilivihesabu mwenyewe. Tangu siku hiyo nimeamua kutokuwa na maoni.

Georgette ni mwenzake Hortense wa kazi. Wanachimba pamoja, wanachoma pamoja, na wakishatua mabeseni wanaulipia ule ukimya wote kwa mpigo, usiweze kupenyeza hata neno. Ni mtu wa kanisa la uamsho. Jumapili anaomba kwa sauti inayotufikia ng'ambo ya barabara. Siku ya udongo hata yeye ananyamaza. Mchungaji wake aliwahi kumuuliza kama huo si ushirikina. Alimjibu kwamba Zakaria wa Biblia alifungwa mdomo miezi tisa na mtoto akazaliwa vizuri tu. Mchungaji akabadilisha mazungumzo.

Kuna masharti mengine. Udongo hauchimbwi kwa chuma, bali kwa mti mgumu uliochongwa ncha, maana jembe, wanasema, linautia kidonda. Beseni linafunikwa kwa majani mabichi ili jua lisiuguse udongo njiani. Na mwanamume hakanyagi pale. Hili la mwisho sikuwahi kulilalamikia, kwa kuwa ni mwendo wa saa nzima na kurudi ni mlima mtupu.

Shimo lenyewe liko kando ya kijito kinachoteremka kuelekea ziwa Tshangalele. Ukiliona hutalipa heshima yoyote: mahali pa ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili, matope ya kijivu, vyura. Lakini tabaka la udongo mzuri ni la kina cha mkono mmoja tu. Juu yake kuna udongo mweusi wenye mizizi, chini yake kuna changarawe. Ukichimba kwa pupa ukavichanganya hivyo vitatu umemaliza kila kitu, kwa sababu punje moja ya changarawe kwenye ubavu wa chungu inatosha kukivunja motoni. Mama yake Hortense alijaribu mabonde manne kabla ya kulipata hili. Chungu cha udongo ule ukikigonga kwa kidole kinalia vizuri, na pale sokoni Likasi wanawake wanaotengeneza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, hawataki kingine. Wanasema munkoyo ya ndoo ya plastiki ina ladha ya ndoo.

Sasa nifike kwangu, maana kosa ni langu.

Miaka ishirini na tatu nilifanya kazi kwenye labo ya kiwanda kimoja mjini, pale wanapopima mawe ili kujua yana shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Wiki nzima nililala kwa kaka yangu, Jumamosi narudi kijijini kwa baiskeli nimevaa koti jeupe. Watu wakaniuliza: Déo, unafanya nini kule? Nikasema: niko labo. Na kweli nilikuwa labo. Nilikuwa labo na fagio. Nilifagia, nilipiga deki, niliosha chupa, nilimwaga taka. Koti lilikuwa la mkemia mmoja mnene aliyeniachia alipostaafu. Sikusema uongo hata siku moja. Nilisema nusu, nusu nyingine watu waliimalizia wenyewe, nami sikupenda kuwakatiza.

Hortense alikuwa mmoja wa hao watu. Baba yake pia. Mzee yule alikuwa na wachumba watatu wa kuchagua, mmoja ana ng'ombe, na akamtoa binti yake kwa mtu wa labo.

Basi kiwanda kikatustaafisha, nikarudi kijijini moja kwa moja, na cheo kikakua bila mimi kukimwagilia maji. Watu waliniletea dawa niwasomee karatasi. Waliniletea maji ya kisima niyatazame kwenye mwanga. Waliniletea mawe, na mimi nikayageuzageuza nikisema "Mm." Hiyo "Mm" niliisikia kwa yule mkemia mnene, na ninawahakikishia kwamba inatosha kwa kazi nyingi sana. Nilikuwa na kiti changu pale mlangoni, na mtu akipita anasalimu kwa heshima. Nilikipenda kile kiti.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane, Hortense na Georgette walikuwa wanapanda kutoka bondeni na mabeseni yao wakakutana na kijana mmoja anaitwa Dodo. Dodo ni mchimbaji wa mawe ya kobalti kule Kamatanda. Alikuja kijijini kumwona shangazi yake mgonjwa. Kijana ana adabu. Alisimama pembeni kuwapisha akasema, "Jambo ba mama." Kimya. Akadhani hawasikii Kiswahili vizuri, akasema, "Bonjour ba maman." Kimya. Ndipo akaona Georgette amefunga kitambaa cha kanisa lake, lile lile analosali yeye, akatoa salamu ambayo haijawahi kukosa jibu tangu kanisa hilo lijengwe: "Bwana asifiwe!"

Georgette aliniambia baadaye kwamba ile "Amina" ilimpanda mpaka kwenye meno. Aliyabana. Macho yalimtoka, jasho likamtoka, akapita.

Sasa mjiweke mahali pa Dodo. Huku kwetu kila mtu anaishi kwa kitu kilichotoka ardhini. Mtu anayebeba mzigo uliofunikwa majani na hasalimu, amepata kitu. Na mwanamke wa uamsho anayekataa kusema Amina, huyo amepata kitu kikubwa.

Mchana ule ule Dodo akafika kwangu na chupa mbili za bia. Hortense alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga vigae vya vyungu vya zamani kuwa unga, ule unga anaouchanganya na udongo mpya ili usinywee ukikauka. Kinu kilikuwa kinalia du, du, du, kwa hiyo hakusikia neno letu hata moja. Ningekuwa na bahati, angekuwa anafinyanga, maana kazi hiyo haina kelele.

"Jambo, vieux," Dodo akasema, yaani mzee. "Banasema weye njo ulikuwaka mu labo."

"Myaka makumi mbili na tatu," nikasema.

"Ba mama bale, banabebaka nini mu beseni?"

"Bulongo. Ya nyungu."

Akacheka kidogo. "Bulongo tu? Na habaitike hata Bwana asifiwe?"

Hapa ndipo nilipopaswa kumweleza. Sentensi moja ingetosha: ni desturi yao, wakiongea vyungu vinapasuka. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Lakini kijana yule akanisogezea chupa, akainamisha kichwa, akasema:

"Ingénieur, unisaidie tu na macho yako."

Ingénieur, yaani mhandisi! Maisha yangu yote hakuna aliyeniita hivyo. Nilisikia mgongo ukininyooka wenyewe. Nikainuka, nikaenda kwenye lile rundo la udongo lililofunikwa gunia, nikamega tonge. Nililipima uzito mkononi. Nikalinusa. Kisha nikalilamba, kwa sababu niliwahi kumwona mzungu mmoja akilamba jiwe.

"Mm," nikasema.

"Ni nini?"

"Unajua, kobalti haionekanake na macho kila saa. Kuko ingine inajifichaka mu bulongo. Haiko na rangi, haiko na nini. Labo tu njo inaionaka."

"Na teneur?" Hilo ni neno la wachimbaji wote, ndicho kipimo cha utajiri wa jiwe. "Inaweza kuwa ngapi?"

Mngenisikia! Nilitazama angani kama mtu anayefanya hesabu.

"Trois virgule sept," nikasema.

Namba hiyo, tatu nukta saba, nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Mkemia mnene alipenda kuitaja, nami nikiwa chini ya meza nazoa vumbi. Dodo akainuka bila kumaliza bia yake. Nilimalizia mimi, nikiwa na furaha kabisa, na sikuwaza tena jambo lile.

Jumatano Hortense na Georgette wakaenda kuchukua udongo wa mara ya pili. Nilikuwa kwenye kiti changu. Jua halijapanda vizuri, namwona Tshimanga, yule wa kibanda cha sabuni na sukari, anakuja mbio huku anacheka.

"Papa Déo, labo yako inaanza kutumika! Ba creuseur quatorze banapita sasa hivi, na ma barre na ma pelle. Banaenda ku bulongo ya Mama Hortense. Banasema njo weye ulibaambia trois virgule sept!"

Nawaambia bila aibu, niliogopa kuliko siku kiwanda kilipotuambia turudi nyumbani. Nilimwona mawazoni mke wangu akiwa amekaa mikono mitupu. Wachimbaji kumi na wanne wenye mitalimbo na makoleo hawahitaji siku mbili; mpaka mchana, udongo mweusi, ule wa kijivu na changarawe vingekuwa uji mmoja. Hortense ana miaka hamsini na nane, na hawezi kuanza kutafuta bonde la tano. Na huwezi kumwambia aache, maana mikono yake haijui kukaa. Hata kanisani anakanda kona ya kitenge chake.

Nilitembea nusu nikikimbia. Njia nzima nilikuwa najiambia: utafika, utasema neno moja la kitaalamu, watatawanyika. Bado nilikuwa mtu wa labo hata pale.

Nilipofika, wachimbaji walikuwa wameshafyeka majani upande wa juu na kuchimba mfereji wa kufika magotini. Rundo la udongo mweusi lilikuwa limekaa ukingoni kabisa mwa shimo, linasubiri kusukumwa tu. Na katikati ya shimo alisimama Hortense, miguu kwenye tope, mti wake mkononi, mdomo umefungwa. Georgette alikuwa nyuma yake analia machozi bila sauti.

Wachimbaji hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanabembeleza.

"Mama, utoke kidogo," mmoja alikuwa anasema. "Tutakupatia saki moja ku kila saki kumi."

Hortense akamtazama.

"Bon, saki mbili."

Hortense akahamisha mti kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Huyu mama iko nguvu!" mwingine akasema kwa heshima. "Umupatie tatu, tumalize."

Kadiri alivyonyamaza ndivyo walivyopandisha magunia. Nilipofika ukingoni walikuwa wameshafika nusu kwa nusu na pikipiki moja. Kama angenyamaza mpaka adhuhuri nadhani wangempa na Kamatanda yote. Lakini yeye hakutaka pikipiki. Alitaka kuwatukana, nilimwona, shingo ilikuwa imemvimba. Akifungua kinywa, udongo umesikia. Asipofungua, udongo umekwisha. Alikuwa amekwama pale, na aliyemkwamisha ni mimi.

Kisha akaniona. Miaka thelathini na moja ya ndoa, hakuwahi kuniona mahali pale. Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwa Dodo, yakarudi kwangu.

"Ingénieur anafika!" Dodo akapaza sauti. "Ba jeunes, njo huyu vieux ya labo!"

Wote wakanivulia kofia. Nikasema, huu ndio wakati wa neno la kitaalamu.

"Muache!" nikasema. "Mutoke haraka! Nilipima tena. Hii bulongo iko mubaya, inaua batu. Iko sawa na ya Shinkolobwe!"

Shinkolobwe ndipo ilipochimbwa urani ya bomu la Waamerika, sumu ya bei ghali, nami nilidhani watakimbia. Wakatazamana, na nyuso zote kumi na nne zikang'aa.

"Mulisikia?" mmoja akapiga kelele. "Ingénieur anasema kuko na ya Shinkolobwe ndani!"

Na hapo mitalimbo ikaanza kweli. Bonge la udongo mweusi likaporomoka likaangukia kwenye kijivu, karibu na mguu wa Hortense. Aliinama akaanza kuliondoa kwa mikono, upesi upesi, mzizi kwa mzizi, na hakunitazama tena.

Huo mgongo wake ulioinama ndio ulionimaliza. Niliteremka mpaka ndani ya shimo. Viatu vyangu vya Jumapili vikazama, kwa nini nilikuwa nimevaa viatu vya Jumapili sijui, nadhani kwa ajili ya neno la kitaalamu. Nikasimama mbele ya yule kijana mwenye mtalimbo mkubwa, nikainua mikono.

"Bana yangu, musikilize. Minye siko ingénieur. Hata chimiste siko."

Wakasimama.

"Mu ile labo nilikuwa nafagia."

"Kufagia namna gani?" Dodo akauliza.

"Kufagia na kifagio. Kusukula ba chupa. Kutupa buchafu. Myaka makumi mbili na tatu, hata siku moja habakuniachaka niguse mashini. Nilikuwa naipanguzaka vumbi, basi."

"Na trois virgule sept?"

"Niliisikiaka bakiisema. Minye nilikuwa chini ya meza."

"Na ulilamba bulongo!"

"Nililamba bure."

Vyura wakaanza tena. Kisha mmoja akacheka, na wote wakacheka, wakashika magoti, mmoja akakaa kabisa chini. Nilisimama pale kwenye tope nikichekwa na watu kumi na wanne wa umri wa watoto wangu, na nyuma yangu nilisikia Hortense ameacha kuzoa udongo. Sikugeuka. Ningeweza kuwavumilia hao kumi na wanne mpaka jioni, lakini kugeuka sikuweza.

Dodo peke yake hakucheka. "Vieux, sasa juu ya nini ba mama banafunika beseni? Juu ya nini habakuitika?"

Nikamweleza ile sentensi moja niliyopaswa kumweleza Jumatatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Georgette.

"Kumbe banasikiaka?"

"Banasikiaka yote. Mama Georgette alisema salamu yako ilikuwa muzuri sana."

Georgette akatikisa kichwa kwa nguvu kuthibitisha, machozi bado yanatiririka.

Kijana mwenye mtalimbo alitaka waendelee hata hivyo, maana wamekuja mbali. Lakini alipojaribu kutoka kwenye tope buti moja lilibaki ndani, na kulitafuta kulimpotezea hamu. Dodo akawaambia wakusanye vyombo. Hapo Hortense akainua ule mti wake, akaonyesha lile rundo jeusi, kisha akaonyesha mfereji. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Kumi na wanne wale wakairudishia ardhi udongo wake, wakaukanyaga, wakapanga hata majani juu, halafu wakaondoka wakiitana "ingénieur" njia nzima mpaka sauti zikapotea.

Kuhusu maneno yote yaliyosemwa pale shimoni, Georgette baadaye alitaka udongo wa siku ile umwagwe. Hortense aliufinyanga. Vitatu vilipasuka na sita vikapona, kwa hiyo kila mmoja aliendelea kuamini alichoamini.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile wao walijaza mabeseni, wakafunika majani, wakajitwika, nami nikafuata nyuma. Saa nzima. Mlima mtupu. Na ameshajitwika beseni, kwa hiyo haongei!

Sijui kama mmewahi kutembea saa nzima nyuma ya mwanamke ambaye ana jambo la kuwaambia na haruhusiwi kulisema. Nilimtazama kisogo nikajaribu kukisoma. Nilimsikia akisema kwamba baba yake alimkataa mtu mwenye ng'ombe kwa ajili yangu. Nilimsikia akisema kwamba Michelle, binti yetu mkubwa, anawaambia wakwe zake mjini kwamba babake alikuwa mkemia. Nilimsikia akisema kwamba amelala na koti la mtu mwingine miaka yote hiyo. Nilijibu kila shtaka kimoyomoyo, na majibu yangu yote yalikuwa mabaya. Mara mbili nilisema, "Mama Michelle," na mara mbili kisogo kikaendelea kupanda mlima. Niliona aibu mpaka masikio yakauma. Tena nilikuwa na huzuni, kwa sababu nampenda mke wangu, na nilikuwa nimependa sana kuwa yule mtu aliyedhani ameolewa naye.

Tukafika uani. Hortense akatua beseni, akalisogeza kivulini. Georgette naye akatua lake, na badala ya kulipeleka kwao akasimama pale pale amekunja mikono, kwa maana hangekubali kukosa hata silabi. Hortense akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole. Akanywa maji. Akafuta mdomo.

"Baba Michelle," akasema.

"Niko."

"Kumbe unajua kufagia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno duniani isipokuwa hilo.

"Myaka makumi tatu na moja," akasema, na sauti haikuwa kali, ndiyo iliyonitisha. "Hii parsele, nyumba na uwanja, nafagia minye, asubui na mangaribi. Natwanga minye, nakanyaga bulongo minye, nachoma minye, mugongo inaniuma, nafagia. Na weye uko pale ku kiti. Minye najisemea: acha, ni muntu ya labo, kazi ya kifagio haijue. Kumbe Bwana alinipatia muntu mwenye anajua kufagia, tena wa diplome!"

"Amina!" Georgette akapiga kelele, na nadhani ilikuwa ile ile ya Jumatatu.

"Na ile buongo ya labo..." nikaanza.

"Ile tutasema kisha. Ile iko ya siku mingi, nitakuwa nakuambia kidogo kidogo." Akaingia ndani akatoka na fagio la njiti, akanipa. "Kesho, siku ya ine, tunachoma ile nyungu ya mwezi ulipita. Fasi ya kuchomea, sitaki kuona hata kajiwe moja."

Nikalipokea. Mkono ulilijua lile fagio kabla yangu. Kwanza nilinyunyiza maji ili vumbi lisiruke, maana labo hawataki vumbi kwenye mizani. Kisha nikaanza pembeni nikija katikati, mistari iliyonyooka, bila kurudia mahali pamoja mara mbili. Watu hawajui kwamba kufagia kuna akili yake. Nilizoa vijiwe, nikaokota vigae vilivyokuwa vimezama, nikafika mpaka chini ya ukuta ambako kuku walikuwa wamejifanyia mji wao. Georgette alisahau kwenda nyumbani.

Tshimanga akapita, akasimama, akashika ua kwa mikono miwili. Habari zilikuwa zimeshamfikia, nilimwona usoni.

"Papa Déo! Ni weye unafagia?"

"Nilifagiaka labo nzima, myaka makumi mbili na tatu," nikamwambia bila kusimama. "Parsele moja itanishinda?"

Akaachia ua akaenda zake. Nilipofika karibu na mlango nikageuka kuomba kiti kisogezwe, nikaona hakiwezi kusogezwa. Hortense alikuwa amekikalia. Alikuwa amenyoosha miguu yenye tope la kijivu mpaka kwenye magoti, amelaza kichwa ukutani, mikono imelala mapajani imetulia kabisa. Ndipo nilipotambua kwamba katika miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumwona amekaa saa kama ile. Fagio likanisimama mkononi.

Alidhani nimechoka. Akainua kidole kimoja bila kufungua macho.

"Na kule nyuma ya kuni," akasema.

Nikaenda nikafagia nyuma ya kuni.